Viungo vikavu vya saladi navyo vinachoka

Wengi hapa Moshi tunaamini viungo vikishakaushwa haviharibiki tena, kwahiyo ule mchanganyiko wa viungo vya saladi, yaani pilipili manga, giligilani, oregano na kitunguu saumu cha unga, unakaa tu pale juu ya jiko miaka na miaka. Ni kweli vikiwa vikavu haviozi haraka kama majani mabichi, ila harufu na ladha vinatokana na mafuta asilia yaliyomo ndani na hayo yanapotea hewani kidogo kidogo, joto na mwanga vinaharakisha, na vilivyosagwa vinawahi kuchoka kuliko vizima, ndo maana pilipili manga ukiisaga siku hiyohiyo inanukia vile.

Kucheki ni rahisi tu: weka kidogo kiganjani, sugua, nusa. Kama husikii kitu, hata kwenye kachumbari au parachichi hutasikia.

Unyevu ndo mbaya zaidi, hasa masika. Usinyunyizie moja kwa moja toka kwenye chupa juu ya sufuria yenye mvuke wala usichote na kijiko chenye maji, na ukiona ukungu mwaga yote jamani, usichambue. Weka kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, kabatini, mbali na jiko, na pale soko la Mbuyuni nunua kidogo kidogo.