Windows, macOS na Linux: upi unaamka vizuri baada ya kuanguka?

Kila mjadala wa mifumo endeshi huanza na swali la upi haugandi. Enzi za Windows 98 swali hilo lilikuwa na uzito, maana programu moja ikichafua kumbukumbu, kompyuta nzima ilikwenda nayo. Tangu XP ya 2001 ilipowaletea watumiaji wa nyumbani kiini (kernel, moyo wa mfumo) cha NT, Windows ya maofisini, Windows nayo hutenga kumbukumbu ya kila programu, kama zifanyavyo macOS na Linux. Kivinjari kikifa, kinakufa peke yake. Mara nyingi kinachoangusha mashine nzima siku hizi ni draiva (programu ndogo ya kuongoza kifaa au huduma ya ndani) inayofanya kazi ndani ya kiini, au kifaa kibovu. Kwa hiyo mimi hupima mambo mawili: nani anaruhusiwa kuingia kwenye kiini, na kurudi kazini kunachukua hatua ngapi.

Tarehe 19 Julai 2024 ilionyesha yote mawili. CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, ilituma sasisho lenye kasoro, draiva yake ikasoma kumbukumbu isiyostahili, na Windows ikaonyesha skrini ya bluu. Mashine ikiwaka tena inapakia draiva ileile, inaanguka tena. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode (kuwasha Windows na vitu vya lazima tu), kufungua folda `C:\Windows\System32\drivers\CrowdStrike` na kufuta faili linaloanza na `C-00000291`. Kazi ya dakika chache, ila mara nyingi ilibidi mtu afike kwenye mashine yenyewe, na diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, ilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Kama hujui wako umehifadhiwa wapi, utafute leo.

Apple imechagua kufunga mlango. Kuanzia Catalina ya 2019 imekuwa ikiwasukuma watengenezaji wa nje watoke kwenye kiini, na tangu Big Sur ya 2020 sehemu ya diski yenye mfumo imetiwa muhuri. Hata msimamizi hawezi kuigusa kwa bahati mbaya. Bei yake unailipa siku ya kupandisha toleo: kifaa cha zamani cha sauti ambacho draiva yake haikuandikwa upya kinabaki pambo la mezani.

Linux imeenda njia nyingine. Draiva nyingi zimo ndani ya kiini chenyewe na husambazwa nacho, ndiyo maana kadi ya mtandao ya zamani huchomekwa na kufanya kazi bila kutafuta chochote. Tatizo huja na draiva za nje, hasa za kadi za picha za Nvidia. Kiini kipya kikiingia na moduli ya draiva hiyo (kipande chake kinachoingia kwenye kiini) isijengwe, unawasha na kukuta skrini nyeusi. Usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Kwenye Ubuntu, bonyeza Esc au ushikilie Shift wakati wa kuwaka, menyu ya GRUB (programu inayochagua kiini cha kuwasha) itokee, ingia Advanced options uchague kiini cha awali. Ukishafika ndani, fungua terminali (dirisha la kuandika amri); `dkms status` itakuonyesha moduli imejengwa kwa kiini kipi. Angalia pia nafasi ya sehemu inayohifadhi viini kwa `df -h /boot`, kwani ikijaa, sasisho hukatika katikati. Hapo toa viini vya zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`, kisha umalizie na `sudo dpkg --configure -a`. Apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu) ikigoma kwa sababu ya sasisho lililokatika, `sudo apt --fix-broken install`. Hii menyu ya kurudi kwenye kiini cha jana naihesabu kuwa sababu kubwa ya kuiamini Linux, kuliko sifa zote za kutoganda.

Kuhusu Windows, baadhi ya malalamiko ya "imekuwa nzito" yanatokana na Fast Startup, mbinu ya kuwaka haraka. Ukibonyeza Shut down, kiini hakizimwi. Kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kesho yake, na kasoro zake. Fungua Task Manager, sehemu ya CPU, uone mashine inayozimwa kila usiku ikijihesabia siku kadhaa za kuwa hewani. Restart ndiyo huanza upya kweli. Hali hiyohiyo huifanya Linux kwenye diski ileile ikatae kuandika kwenye sehemu ya Windows. `Powercfg /h off`, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi, inamaliza ugomvi.

Urahisi wa kutumia sina mengi nao, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni mazoea. Ila macOS inapata alama moja ya haki: kunakili ni Command-C, kusimamisha programu kwenye terminali ni Control-C, havigongani. Kwenye terminali ya Linux lazima ukumbuke kuongeza Shift, la sivyo unaua kazi uliyotaka kuinakili. Windows nayo bado imegawa mipangilio kati ya Settings na Control Panel tangu 2012.

Kabla ya kulaumu mfumo wowote, washa Memtest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi na uiache imalize mzunguko mzima. Kosa moja tu linatosha kushuku ramu. Kisha soma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo. Kwenye Linux ni `journalctl -b -1 -p err`, kwenye Windows ni `perfmon /rel`. Kwenye logi za Windows, tukio namba 41 la Kernel-Power huwapoteza wengi: linasema tu kwamba mashine haikuzimwa vizuri, halisemi kwa nini. Likiwa peke yake, bila skrini ya bluu wala kosa lingine kabla yake, anza na kebo ya umeme, pawa saplai na joto la prosesa.