Herufi moja inayopindisha seli ya damu

Wengi wetu neno DNA tumelisikia pale baba anapotilia shaka mtoto na sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sisi wa maabara ya damu tunakutana nayo kwingine. Mtoto wa miezi minane analetwa vidole vimevimba, akiguswa analia, na majirani wameshamwambia mama kwamba karogwa. Ni selimundu, au sikoseli kama inavyoitwa mtaani, na chanzo chake ni herufi moja ya DNA.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba ya makumbi. Katikati zimeshikana kwa jozi za kemikali nne: A hukaa na T, G hukaa na C. Ukiujua uzi mmoja, mwenzake umeshaujua, na ndivyo seli inavyoweza kujinakili kabla ya kugawanyika. Wanasayansi Watson na Crick walilieleza umbo hilo mwaka 1953, wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin, mama ambaye sifa zake zilichelewa mno.

DNA hiyo hukaa ndani ya kiini cha seli, ilhali protini hujengwa nje, kwenye ribosomu. Karani wa masijala hatoi faili lenyewe, hukutolea nakala. Nakala hiyo ndiyo RNA: uzi mmoja, sukari yake ni ya aina nyingine kidogo, na penye T huwekwa U. Haidumu. DNA tunaipata hata kwenye mifupa ya kale, lakini sampuli ya RNA usipoiwahisha kwenye baridi kali imeharibika.

Ribosomu husoma herufi tatu tatu, na kila tatu huleta amino asidi moja, yaani tofali moja la protini. Kwa mwenye selimundu, kwenye jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya protini) ya globini beta, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, iliyo katika kromosomu ya 11, GAG imekuwa GTG. RNA inabeba GUG, na nafasi ya sita, kati ya 146, inawekwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Basi. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hugandamana, seli nyekundu inajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, ikiwemo ya vidole vya yule mtoto.

Alipozaliwa hakuwa na dalili kwa sababu himoglobini ya mtoto akiwa tumboni mwa mama hutengenezwa kwa jeni nyingine, gama, ambayo hupoa miezi michache baada ya kuzaliwa. Dawa ya haidroksiyurea husaidia kuiamsha tena.

Aliyerithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha uhusiano huo mwaka 1954. Wabebaji wawili wakioana, mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Wazazi huniambia, "Wa kwanza anao, basi watatu wanaofuata wamepona." Sivyo. Kila mimba ina robo ile ile, hata kama wawili wa mwanzo wote wanaumwa.