Kwikwi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Miongoni mwa wanaorudi kwetu Lamu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito Mombasa, Nairobi au ng'ambo, kuna lalamiko ambalo wengi huona haya kumtajia daktari kwa kulidhania dogo mno, nalo ni kwikwi. Mtu amekula vijiko vinne vya uji, imemshika; amekunywa chai, imemshika tena; na walio nyumbani wameshaanza kumshtua kwa nyuma wakitaraji itakoma.

Kwikwi hutokea pale kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kinapojikaza ghafla bila ya hiari ya mtu, hewa ikaingia kwa kasi na koo likajifunga juu yake, ndipo ukasikika ule mlio. Mishipa ya fahamu inayohusika hupita jirani na umio na tumbo, na kwa sababu hiyo tumbo likivutika kwa kujaa, likiingia hewa au likirudisha asidi juu, kiwambo nacho huchokozeka.

Sasa tazama ukubwa wa tumbo lililobaki. Katika upasuaji wa kulipunguza tumbo likawa mithili ya bomba jembamba, kiasi cha robo tatu au zaidi huondolewa, na katika ule wa kuchepusha njia ya chakula, kinachobaki kupokea chakula ni kifuko cha kama mililita 30 tu. Kile kikombe kidogo cha kahawa chungu, kisicho na mkono, kinachotembezwa jioni, hushika zaidi ya hapo. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi kwikwi ya mezani huwa ni taarifa kwamba nafasi imekwisha, na nawasihi waitii mara ile ile: weka kijiko chini, inuka, tembea polepole, vuta pumzi taratibu kwa pua, wala usirudi kwenye sahani mpaka itulie kabisa.

Shida kubwa, kwa niliyoyaona, haiko kwa mgonjwa bali kwenye sinia. Watu wamelizunguka, wali wa nazi unafuka moshi, na mama mwenye nyumba, kwa mapenzi yake, anasukuma kipande cha samaki upande wa mgeni: "Kula mwanangu, hujala kitu." Mgonjwa anaona vibaya kukataa, anameza tonge jingine, kwikwi inaanza, na baada ya dakika chache anakimbilia chooni kutapika. Ni heri apakuliwe kwenye kisahani chake mwenyewe, matonge yasizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, atafune mpaka chakula kiwe kama uji, na mlo umchukue dakika 20 hadi 30. Kinywaji kingoje kama nusu saa baada ya chakula. Soda na vinywaji vyote vya gesi, mrija wa kunyonyea, ubani wa kutafuna na pilipili kali aviache, kwani vinne hivi ama humwingizia hewa ama humchokoza tumbo.

Dawa za nyumbani tulizozizoea zinataka tahadhari. Kunywa gilasi nzima ya maji kwa mkupuo ni kukijaza kifuko ambacho tayari kimejaa, na kijiko cha sukari, kwa aliyechepushiwa njia ya chakula, kinaweza kumletea jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhara.

Kwikwi za siku chache za mwanzo mara nyingi hutokana na gesi iliyotumika kulitanua tumbo wakati wa upasuaji, nazo hupungua kadiri mgonjwa anavyotembea. Zikija pamoja na kiungulia, hasa usiku baada ya kulala, huenda ni asidi inayopanda, na daktari anaweza kumwandikia dawa ya kuipunguza, kama vile omeprazole. Zipo pia dawa za kutuliza kwikwi yenyewe, lakini hizo si za kununua dukani kwa kubahatisha.

Kwikwi inayodumu zaidi ya saa 48 ni lazima ionwe na daktari. Ikiambatana na homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega, pumzi kubana, au moyo kwenda mbio hata mtu akiwa amelala, huenda mshono unavuja au usaha umejikusanya chini ya kiwambo, na hapo hakuna kungoja hata saa moja. Vilevile anayetapika siku nyingi, kisha akaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, huenda amepungukiwa na vitamini B1, ambayo huhitaji kuongezwa kwa sindano upesi.

Kwa wakaazi wa Faza, Kizingitini na visiwa vingine, ambao njia yao ya hospitali ni bahari, ushauri wangu ni waondoke mapema, hasa msimu wa kusi mawimbi yanapokuwa makubwa, na wachukue ile karatasi ya hospitali inayoonyesha aina ya upasuaji na tarehe yake, kwa sababu daktari atakayewapokea usiku hatakuwa na njia nyingine ya kujua tumbo lao limekatwa vipi.