Tashihisi si kumpa chura uhai

Mpwa wangu yuko darasa la saba. Jioni moja aliniletea daftari lenye shairi fupi la beti mbili juu ya chura, na chini yake swali: "Taja mifano miwili ya tashihisi." Alikuwa amejibu: "Chura anaruka. Chura analia." Majibu yote mawili yalikuwa na vema ya wino mwekundu. Nikamuuliza kuruka kumekuwaje tashihisi. "Mjomba, tashihisi ni kukipa uhai kitu kisicho na uhai." Nikauliza kama chura wa shairi alikuwa amekufa. Akacheka, kisha akanifungulia ukurasa wa mbele, na maana hiyo ilikuwepo neno kwa neno, kama alivyoinakili ubaoni.

Maana yenyewe ni fupi. Tashihisi ni kukipa kisicho mtu tendo, hisia, sifa au kiungo cha mtu. Hicho kisicho mtu kinaweza kuwa jiwe, njaa, upepo au chura. Basi.

Kosa, nadhani, limeingilia mlango wa jina la pili. Vitabu vingi huiita tamathali hii uhuishi pia, na uhuishi umetokana na huisha, yaani kutia uhai. Kwa jiwe linalonuna jina hilo halina ubaya, kwa kuwa jiwe halikuwa na uhai kabla mshairi hajaligusa. Likifika kwa mnyama linagonga mwamba. Mnyama anapumua, anakula, anakimbia, anaogopa, na hakumngoja mshairi. Ukishika "uhai" kuwa kipimo, ama utasema mashairi ya wanyama hayana tashihisi kabisa, ama utasema kila kitenzi kinachomfuata mnyama ni tashihisi. Mpwa wangu alishika njia ya pili, na aliyemsahihisha akamfuata nyuma.

Neno lenyewe halina habari na uhai. Ni tashkhis ya Kiarabu, iliyotoka kwenye shakhs, yaani mtu. Shakhsi tunalo hadi leo katika Kiswahili, japo wengi wetu hulikuta kwenye maandishi tu. Ile kh ililainika ikawa h, kama khabari ilivyokuwa habari na kheri ikawa heri, ulimi ukaongeza irabu ili neno liteleze, na mtu akapotelea humo ndani. Litamke polepole ukiirudisha kh mahali pake, utamsikia. (Madaktari wa Kiarabu hutumia tashkhis hiyo hiyo kwa maana ya kutambua ugonjwa, lakini hilo tuliache.) Wagiriki wa kale nao walilijenga jina lao juu ya prosopon, uso au mtu. Kote huko ni mtu.

Na kwa kuwa tumeshachimba, tumalizane na tashbihi pia, ile ya kufananisha kwa neno kama, kwa sababu nimechoka kuona hizi mbili zikibadilishana viti. Zote zimetoka katika kalibu moja ya Kiarabu, ile iliyotupa tafsiri na takriri. Tafsiri ina fasiri ndani yake, takriri ina kariri, tashbihi ina shabihi, yaani fanana, na tashihisi ina shakhsi. Kinachofanya masikio yadanganyike ni kalibu, ila maana imekaa kwenye kiini. Mtu akiandika "mshairi ametumia tashihisi, chura amekaa kama mlinzi", lile neno kama limeshamsuta.

Turudi kwa chura analia, maana hapa pana utamu. Mpwa wangu alijitetea kwamba kulia ni jambo la watu, watu ndio hulia. Lakini Kiswahili hakijafunga kulia kwenye machozi. Kengele inalia, ngoma inalia, simu inalia mfukoni, na hakuna anayekimbilia leso. Chura akilia usiku bwawani ni shughuli zake za uchura, mara nyingi dume linaita jike. Badili kitenzi uone: chura analalamika mvua imechelewa, chura anaomboleza bwawa lililokauka. Hapo mtu ameingia. Ile methali ya kelele za chura kutomzuia ng'ombe kunywa maji ina mwendo wa kinyume, kwa sababu anayesemwa ni binadamu mpiga kelele, aliyevalishwa ngozi ya chura.

Mtego mwingine uko kwenye sarufi yetu. Anayesoma shairi la Kiingereza juu ya mnyama huambiwa atazame kiwakilishi: mnyama akitajwa kwa kiwakilishi cha mtu badala ya cha kitu, huenda hiyo ni dalili. Kwetu dalili hiyo haimhusu mnyama. Chura anaruka, mwalimu anaruka, wote wako ngeli ya A-WA, na hiyo a- haijampandisha chura cheo. Dalili hiyo inafanya kazi nje ya wanyama. "Jua linachomoza" ni lugha ya kila siku, lakini "Jua akamwambia Upepo" ni tashihisi hata kabla hujajua Jua alisema nini.

Shairi zuri la kupimia haya ni lile la tai la Alfred Tennyson, mshairi Mwingereza, lililochapishwa mwaka 1851. Lina mistari sita tu, mitatu kila ubeti. Tai amesimama juu ya jabali, anatazama chini, kisha anashuka ghafla. Kusimama, kutazama na kushuka ni mambo ya tai yeyote. Lakini mstari wa kwanza unasema amelishika jabali kwa mikono iliyopinda. Mikono! Mdomo na miguu ndege anayo, na Kiswahili hutumia maneno hayo hayo kwake na kwetu. Mikono hana, ana kucha. Kwa tai huyo, tashihisi imekaa kwenye neno hilo moja, na anayekimbilia kitenzi anaipita bila kuiona. Chini yake kuna bahari yenye mikunjo, inatambaa. Mikunjo tunaweza kubishana, wengine wataona ngozi ya mzee, lakini kutambaa hata mjusi hutambaa, kwa hiyo hapo neno uhuishi linatosha barabara: bahari imepewa uhai, si lazima iwe imepewa utu. Mstari wa mwisho, tai anaanguka kama radi. Tashbihi, na anayefananishwa naye si mtu hata kidogo.

Tulirudi kwenye daftari. Kuruka alikufuta bila ubishi. Kulia alikufuta shingo upande, maana vema ni vema. Katika ubeti wa pili tukakuta mshororo ambao hakuwa ameugusa: chura amekaa juu ya jani, "akihesabu nyota". Akaniangalia. "Hii je, mjomba?" Nikamwambia aandike hiyo, kisha afungue ukurasa wa mbele, na juu ya neno uhai aandike utu. Kwa penseli, ili mwalimu akitaka kuuliza apate nafasi.