Je, wajua kwa nini shimo linaloangusha kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, halionekani mvua ikishakatika?

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, maji hayana pa kutulia. Yanateremka vilima vya Kadutu, yanaujaza mto Kawa na vijito vyake, yanakimbilia ziwa Kivu. Kesho yake watu wanachungulia chini ya kalvati, wanaona changarawe iko palepale, wanasema limesalimika. Changarawe hiyo inadanganya.

Kuna kalvati lisilo na sakafu: tao la zege au la bati lililokaa juu ya misingi miwili, mmoja kila ukingo, na katikati mto unapita juu ya mchanga na mawe yake wenyewe. Mimi naupenda ujenzi huu, kwa sababu hata samaki hupanda bila kuzuiwa. Ila uhai wake wote uko kwenye udongo uliobeba misingi ile.

Mto mpana ukibanwa kwenye mlango mwembamba, maji huongeza mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisukuma huzidi mara 64! Pabaya zaidi ni kwenye kona za mlango, upande maji yanakotokea. Maji ya pembeni hukata kona kwa ghafla, yakajizungusha na kutoboa chini kama keekee. Watafiti wa mamlaka ya barabara kuu ya Marekani walilijaribu jambo hili kwa vielelezo vya maabara na kuchapisha matokeo mwaka 2003 na 2007: shimo refu kabisa lilitokea kwenye kona hizo, na kuta za mabawa zinazoyaongoza maji taratibu zililipunguza.

Kina chake hukadiriwa hivi. Tuseme mafuriko yanaleta mita za ujazo 6 kwa sekunde kwenye mlango wa mita 3. Kila mita ya upana inapitisha mita za ujazo 2 kwa sekunde. Changarawe ya milimita 8, penye maji ya kina cha mita 1, huanza kubebwa mwendo ukifika kama mita 1.2 kwa sekunde. Kwa hiyo maji yataendelea kuchimba hadi nafasi iwe kubwa kiasi cha kuupunguza mwendo hadi hapo. Hesabu inatoa kina cha maji cha karibu mita 1.5. Kama mwanzoni kilikuwa mita 0.8, basi mita 0.7 za chini zimeliwa, na hiyo ni katikati tu. Kwenye kona ongeza. Msingi uliofukiwa nusu mita ungebaki unaning'inia.

Basi mbona asubuhi shimo halipo? Kwa sababu huchimbwa mafuriko yakiwa kileleni, na maji yakipungua nguvu hushusha mchanga yaliokuja nao, shimo likafukiwa. Udongo huo mpya ni laini, haubebi kitu.

Njia ya kulinasa ni mnyororo wa chuma. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mnyororo huzikwa wima karibu na kona, ncha ya juu ikilingana na uso wa mchanga. Mafuriko yakichimba, sehemu iliyofunuliwa huanguka na kulala kufuata maji, kisha hufukiwa. Msimu ukiisha, fukua mpaka ulipopinda, upime kutoka uso wa zamani. Chini ya kipimo hicho ndipo msingi ulitakiwa uanzie.