Je, maji baridi hugandisha fondyu tumboni?

Katika mikahawa ya asili ya Uswisi, wengi huamini kwamba ukila fondyu (jibini iliyoyeyushwa, inayoliwa kwa kuchovya mkate) na maji baridi, jibini hiyo huganda tumboni na kuwa bonge. Kwa hiyo huagiza chai au mvinyo mweupe.

Tumboni kuna joto la nyuzi 37 hivi, na maji hayakawii kulifikia. Asidi na vimeng'enya huendelea kuivunja jibini. Pombe ndiyo inayochelewesha chakula kutoka tumboni.

Uzito unaousikia ni wa kweli kabisa, ila chanzo ni mafuta: mtu mmoja hula takriban gramu 200 za jibini. Soma kibandiko cha Gruyère, jibini ya Uswisi inayotumika kwenye fondyu, piga hesabu. Utapata zaidi ya gramu 60 za mafuta, mkate bado. Ukitaka kulinganisha, kula kiasi kilekile siku mbili tofauti: moja kwa maji, nyingine kwa chai.