Kuwemo kwenye saraka si kuwemo kwenye Google

Kuna tangazo la namna moja linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara wa Mombasa: tutaiorodhesha biashara yako kwenye saraka 500, uingie Google, upande hadi ukurasa wa kwanza. Hapo pana mambo matatu yaliyofungwa kamba moja kana kwamba la kwanza likifanyika, mengine yanafuata yenyewe. Kuwemo kwenye saraka ni jambo lake, kuingia Google ni jambo lake, na kupanda ni jambo lake. Muuzaji huenda anajua tofauti na huenda hajui. Mnunuzi aghalabu hajui, na ndiye mwenye kulipa.

Saraka ya tovuti ni orodha ya tovuti au biashara iliyopangwa kwa mafungu: hoteli huku, mawakili kule, magereji upande ule. Kila ingizo lina jina, maelezo mafupi na kiungo, na kuna mhariri, au fomu tu, inayoamua nani aingie. Maana yake ni hiyo, haina zaidi. Taabu huanza watu wanapoiita saraka ile faharasa ya Google, yaani hazina ya kurasa ambamo Google hutafuta majibu.

Faharasa ya Google haina fomu wala mlinzi mlangoni. Roboti hufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, husoma kilichoandikwa, kisha kampuni huamua ukurasa upi wa kuhifadhi na upi wa kuacha. Hakuna anayeweza kukuandikisha humo kwa ada, na Google haitozi chochote kumwingiza mtu. Kujua kama tovuti yako imo ni kazi ya sekunde chache: kwenye kisanduku cha kutafutia andika site: ufuatishe anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kurasa zikitokea, umo tayari, na anayekuuzia "kuingizwa Google" anakuuzia ulicho nacho.

Zisipotokea, tatizo karibu kila mara liko nyumbani kwako. Mtengenezaji wa tovuti aliweka alama ya noindex, inayoiambia Google isiuhifadhi ukurasa, wakati wa majaribio akasahau kuiondoa. Kwenye WordPress ni kisanduku kimoja tu katika mipangilio ya usomaji, kile kinachoziomba injini za utafutaji zisiiguse tovuti. Au faili ya robots.txt, inayoziambia roboti zipite wapi na zisipite wapi, imefunga njia. Au tovuti ni mpya na hakuna ukurasa wowote duniani unaoielekeza. Dawa yake ni Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, nacho ni cha bure: thibitisha kuwa tovuti ni yako kwa rekodi ya DNS (mstari unaoongezwa kwenye mipangilio ya kikoa chako), wasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, ambayo kwa kawaida ni faili iitwayo sitemap.xml, kisha pitisha ukurasa mkuu kwenye ukaguzi wa URL uone umekwama wapi. Baada ya hapo ni kusubiri, siku kadhaa au wiki kadhaa. Alama ya noindex ikiwa bado ipo, hata saraka elfu mbili hazitaishinda.

Lakini tuwatendee haki wanaoyachanganya, maana zamani mambo haya yalikuwa karibu kuwa kitu kimoja. Yahoo ilianza mwaka 1994 ikiwa saraka tupu, orodha ya Jerry Yang na David Filo walipokuwa wanafunzi Stanford. Kuwemo Yahoo ndiko kulikuwa kupatikana. Baadaye tovuti za biashara zilitozwa dola 299 kwa mwaka ili mhariri azitazame, na hata ukilipa hukuhakikishiwa kukubaliwa. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, kifupi cha directory.mozilla.org, iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Hii ndiyo iliyoacha alama kubwa kuliko zote. Google ilichukua data ya DMOZ ikaijenga iwe saraka yake yenyewe, ikapanga maingizo kwa PageRank, kipimo chake cha uzito wa viungo, na wakati mwingine iliyaonyesha maelezo yaliyoandikwa na wahariri wa DMOZ chini ya jina la tovuti yako kwenye matokeo, upende usipende. Ikabidi iwepo alama maalumu, noodp, ya kuikataza isifanye hivyo.

Wakati huo basi kiungo kutoka saraka kilikuwa na uzito wa kweli. PageRank huhesabu kiungo kama kura, na kura ya mhariri aliyeisoma tovuti yako akaona inafaa ilistahili kuhesabiwa. Miongozo ya Google kwa wenye tovuti nayo ilipendekeza kwa muda mrefu kujiwasilisha Yahoo na DMOZ. Aliyekwambia mwaka 2004 ujiandikishe kwenye saraka alikushauri vizuri.

Kilichoiharibu biashara hii ni wepesi wake. Programu ya kuendesha saraka ilipatikana kwa bei ya chini au bure, kikoa kilikuwa rahisi, na mtu mmoja aliweza kuwa na saraka hamsini zisizo na msomaji hata mmoja, kazi yake ni kuuza viungo. Mhariri akatoweka, ikabaki fomu. Google ikaifunga saraka yake mwaka 2011. Tarehe 24 Aprili 2012 ikatoa sasisho la Penguin, lililolenga viungo vya kutengenezwa, na tovuti nyingi zilizokuwa zimesimama juu ya viungo vya saraka zikaporomoka. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Saraka hizo zilikufa, ushauri wake ukabaki hai, na ndio unaouzwa hadi leo.

Sasa hivi kiungo cha saraka kina thamani gani? Usibishane na muuzaji. Mwombe anwani ya ingizo moja alilomfanyia mteja mwingine, lifungue kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wa ukurasa, kisha tafuta jina la tovuti ya mteja yule. Angalia kama kiungo kinakwenda moja kwa moja kwenye tovuti au kinapitia ukurasa wa katikati wa saraka. Angalia kama pembeni yake pameandikwa nofollow au sponsored. Sponsored ni alama ya kiungo kilicholipiwa. Nofollow ni alama iliyoanzishwa mwaka 2005 kuziambia injini za utafutaji zisikihesabu kiungo. Tangu 2019 Google huichukua kama dokezo, si amri, lakini kulitegemea dokezo hilo likugeukie kuwa faida ni kucheza bahati nasibu. Kisha rudi kwenye Google, weka site: na anwani ya ukurasa ule wa saraka. Kama ukurasa wenyewe haumo kwenye faharasa, kiungo kilicho juu yake hakina wa kukiona. Ukijaribu hivi kwenye maingizo matano ya kifurushi cha 500, jibu la 495 yaliyobaki utakuwa umelipata.

Sera za Google dhidi ya taka zinazitaja saraka za ubora wa chini kwa jina, kama mfano wa viungo vya ulaghai. Hata hivyo habari za adhabu nazo hutiwa chumvi. Tangu Septemba 2016 Penguin imekuwa sehemu ya mfumo mkuu, na kazi yake kwa kawaida ni kuvipuuza viungo vibovu badala ya kuiangusha tovuti nzima. Kwa hiyo matokeo ya kawaida ya kifurushi kile ni sifuri. Tovuti haipandi, haishuki, na pesa imekwenda. Mambo huwa mabaya pale muuzaji anapotumia maneno yaleyale ya kiungo kila mahali, tuseme "hoteli nafuu Mombasa" mara mia tano, badala ya jina la hoteli. Mpangilio wa namna hiyo hauhitaji mtaalamu kuugundua. Google ikikuadhibu kwa hilo, Search Console itakuonyesha taarifa ya hatua iliyochukuliwa na mtu wa Google, si na mfumo, na hapo ndipo faili ya kukana viungo, inayoiomba Google isivihesabu, inapohitajika. Bila taarifa hiyo, usiiguse. Wapo waliokana viungo vyao vizuri pamoja na vibovu.

Limebaki eneo moja ambalo saraka bado zina kazi, nalo halihusu kura ya kiungo. Ni taarifa za mahali. Mtu aliyesimama Nyali akiandika "fundi wa AC" huonyeshwa kwanza ramani na biashara chache chini yake. Google inaeleza wazi kwamba matokeo hayo hupangwa kwa mambo matatu: biashara inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Katika kuueleza huo umaarufu, Google imewahi kuandika kwamba hukusanya habari kutoka kwenye viungo, makala na saraka. Wauzaji wameing'ang'ania sentensi hiyo kwa kucha. Wanachosahau kusema ni kwamba hapo saraka ni shahidi wa jina, mahali na simu, na shahidi anayesema uongo ni afadhali asiwepo.

Mombasa ina njia zake za kuzalisha mashahidi wa uongo. Duka liko Biashara Street, lakini ingizo limeandikwa S.L.P. ya posta yenye msimbo 80100, ambayo haimpeleki mteja popote. Biashara iko Mtwapa, Kaunti ya Kilifi, ikaandikwa Mombasa kwa sababu wageni wanaijua Mombasa. Au iko Diani, ambayo ni Kwale. Pini ya ramani ya duka la Likoni imedondoshwa kisiwani, mteja akafika Mwembe Tayari, akapiga simu, akaambiwa avuke feri. Simu ya mezani ya 041 iliyokatwa miaka iliyopita bado imo kwenye saraka tatu. Na "mkabala na msikiti" au "nyuma ya stesheni ya mafuta" ni maelekezo mazuri kwa mtu, ila ramani haiyasomi: yaweke kwenye maelezo, na mahali halisi paweke kwa pini.

Wapo pia wanaokesha wakirekebisha nukta na mikato. Digo Road, Digo Rd na Barabara ya Digo ni kitu kimoja. 07 na +2547 ni kitu kimoja. Tofauti hizo mifumo inazielewa. Kinachoumiza ni namba mbili tofauti, majina mawili tofauti, au tawi lililohama lenye maingizo mawili yaliyo hai.

Anza na wasifu wa biashara kwenye Google, kwa sababu ndio unaotoa sehemu kubwa ya faida yote inayozungumzwa hapa. Jina liwe lile lililo kwenye bango la duka, neno kwa neno. Kuongeza "bora Mombasa nafuu" mbele ya jina ni kinyume cha miongozo na kunaweza kusababisha wasifu ufungiwe. Chagua aina kuu moja ya biashara iliyo sahihi. Za ziada zinaruhusiwa hadi tisa, lakini mbili au tatu za kweli zinatosha. Fundi wa mabomba anayefanya kazi majumbani kwa watu afiche anwani yake aweke maeneo anayohudumia. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: onyesha mtaa, bango, na kitu kinachothibitisha kuwa wewe ndiye mwenye pale, kama vile kufungua mlango kwa ufunguo.

Baada ya hapo ni Bing Places, Apple Maps na OpenStreetMap, ramani huria ambayo data yake huchukuliwa na programu nyingi za ramani. Kisha saraka ambazo wateja wako wanazifungua kweli. Nyumba ya wageni haiwezi kuikwepa Tripadvisor. Kampuni ya safari inafaidika na orodha ya wanachama wa KATO, chama cha kampuni za safari Kenya, na wakili yumo kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria cha Kenya. Hizi zina thamani ileile iliyokuwa nayo DMOZ: kuna mtu anayeamua nani aingie, na kuna msomaji upande wa pili. Kwa biashara nyingi za Mombasa jumla yake haitafika hata kumi, na ni kazi ya alasiri moja ukiwa na picha na maelezo tayari.

Kwa hiyo mtu akikwambia ameshaorodheshwa, muulize kwa upole: wapi? Akisema Google, huenda anamaanisha faharasa, ambayo hakuilipia, au wasifu wa ramani, ambao nao ni bure. Akisema saraka, muulize akaunti zilifunguliwa kwa barua pepe ya nani, kwa sababu siku atakapohama kutoka Digo Road kwenda Bamburi, mwenye barua pepe hiyo ndiye pekee anayeweza kubadilisha anwani. Kama ni ya muuzaji na muuzaji hapokei simu, atabaki kuziandikia saraka moja moja akiomba ingizo lifutwe, na nyingi kati ya zile 500 hazina mtu wa kusoma ujumbe huo.